Karte za Zamani za Ziwa Letu na Wale Wanaozikataa

Katika vitabu vidogo sawa hiki tumekwisha kuandika mengi juu ya ngoma, juu ya mahari, juu ya majina ya mapacha na namna ya kuzika wakubwa. Ni vizuri, hatukatai. Lakini kuna kitu kimoja cha mila tunachokiacha kulala ndani ya makabati mpaka mchwa wanakimaliza. Kitu hicho njo karte za zamani za inchi yetu, zile kubwa zenye mistari ya kimo, zenye mito, vijiji na njia za miguu. Kiswahili cha vitabu kinaziita ramani. Sisi watu wa kandokando ya Ziwa Albert, upande wa Ituri, tunasikia habari ya petroli tangu zamani, na kila mara kuna mukubwa anafika na karte yake mupya yenye kugawanywa vipande-vipande. Tunamujibu na nini? Tunamuimbia wimbo wa kumukaribisha, tunamupa mbuzi, anarudi kwao.

Tunaandika kwa kubishana, na tunabishana na wenzetu wa aina mbili. Wa kwanza ni wale wanaosema: karte ni uongo wa muzungu, mila yetu iko ndani ya kinywa cha wazee, basi. Wa pili ni hatari zaidi, tutafika kwao.

Kwa wa kwanza tunakubali nusu ya maneno yao. Ni kweli, karte ilikuja pamoja na bunduki na kodi. Ni kweli pia kwamba tarehe 14 Mwezi wa Tatu 1864, Samuel Baker alisimama kwenye kando ya mashariki, akatazama maji ambayo watu walikuwa wanavuka na kuvua tangu zamani za mababu, akayapa jina la bwana ya malkia wake aliyekwisha kufa. Lakini musome vizuri. Baker huyo huyo aliandika pia jina alilolisikia kwa wenyeji: Luta Nzige. Ni lile Mwitanzige la Banyoro, maana yake muuaji wa nzige. Na sasa muulize Mualuri yeyote wa Mahagi, ziwa linaitwaje kwa lugha yake. Atakuambia Onek Bonyo, na maana yake ni ile ile, limeua nzige. Lugha hizi mbili hazina mama moja, moja ni ya Kibantu, ingine ni ya watu wa Nile, na zote zinakumbuka jambo moja, makundi ya nzige kuangukia majini na kufa. Hiyo njo historia. Mwaka 1973, wakati wa Authenticité, tulipopata nafasi ya kurudisha jina la wazee, tulifanya nini? Tuliliita ziwa Mobutu Sese Seko. Mwaka 1997 tukalirudisha Albert. Basi tusipige kelele sana juu ya muzungu. Jina la babu zetu lilibaki ndani ya kitabu chake wakati sisi wenyewe tulikuwa tunalipita pembeni mara mbili.

Karte zenyewe za kimo zilikuja nyuma sana. Ofisi ya karte ya Kongo ya Wabelgiji, tunayoiita leo Institut Géographique du Congo, ilianzishwa mwaka 1949. Katika miaka ile ya 1950 ndege zilipiga picha kutoka juu, na watu wa vipimo wakatembea chini kwa kukamilisha. Picha ya ndege inaonyesha mto, lakini haisemi mto unaitwa nani. Kwa hiyo ilifaa mutu wa vipimo aulize. Aliuliza nani? Aliuliza mubeba-mizigo, capita, mwanamuke mwenye kuchota maji, chefu aliyekaa kwenye kiti. Kila jina dogo lililoandikwa pembeni ya kijito lilitoka kinywani mwa mutu wa hapa. Ninyi munaosema mila iko ndani ya kinywa, sikieni basi: ni kinywa cha babu yenu kilichoandikwa pale, hata kama kalamu ilikuwa ya mugeni.

Kalamu hiyo iliharibu, ndiyo. Sikio la Mubelgiji halikushika sauti za Kilendu, lilichanganya l na r, likaongeza tsh na dj kila pahali. Mara nyingi kijiji kiliandikwa jina la chefu wake wa siku ile. Chefu alipokufa, watu walibadili, lakini karte ilibaki na marehemu. Kwa mwanafunzi asiyejua, pale kuna vijiji viwili, kimoja kimepotea. Kwa mwenye kuuliza wazee, ni kijiji kimoja na chefu wawili, na sasa tuko na mwaka wa kupimia: huyu alikuwa anatawala wakati ndege ilipita. Wazee wetu wanajua mfuatano wa mababu bila miaka, na karte iko na miaka bila mababu. Tuviweke vyote viwili kwenye meza moja, tuone.

Tufike sasa kwenye mahali pa kuumiza, pale peupe pa karte.

Karte ya kipimo cha 1/200 000 ina maana sentimetri moja ya karatasi ni kilomita mbili za udongo. Wanafunzi wa troisième wanaweza kupiga hesabu hii: pori takatifu lenye upana wa metre mia moja, pale wanapotambikia, litakuwa na nusu ya milimetre. Ncha ya kalamu inalifunika lote. Hata kwenye 1/50 000 litakuwa milimetre mbili, na nani atachora milimetre mbili za miti wakati hajui ni miti gani? Shamba lililoachwa lipumuzike miaka saba, kambi ya wavuvi ya kiangazi, njia ya ng'ombe ya kushuka ziwani na kupanda tena mvua ikianza, vyote hivyo haviko. Hakuna mutu aliyekusudia kuvificha. Kipimo kilikuwa kidogo, na mwenye kupima alifika mwezi ambao watu hawakuwako.

Lakini kilichokuja baadaye kilikusudiwa. Dekreti ya tarehe 1 Mwezi wa Saba 1885 ilikuwa imekwisha kusema udongo usio na mutu ni wa Leta. Na nani anaamua kwamba udongo hauna mutu? Mwenye karte. Peupe pakawa pa bure.

Mutatuambia hayo ni ya zamani. Vukeni ziwa muone. Upande wa Uganda, kaskazini ya Buliisa, kuna Parc ya Murchison Falls. Kwenye karte za miaka ya 1950 na 1960 ni eneo kubwa la wanyama, kimya, bila vijiji. Mutalii anafikiri ni pori la tangu Adamu. Uongo. Mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwa na watu pale, na serikali ya Waingereza ikawahamisha juu ya ugonjwa wa malale. Watu wakatoka, wanyama wakaongezeka, pakafanywa hifadhi, na mwaka 1952 pakafanywa Parc. Karte iliyochorwa kisha ilionyesha kweli ya siku ile, kwamba hakuna nyumba, lakini haikusema nyumba ziliondolewa na nani. Leo sehemu ya mradi wa petroli unaoitwa Tilenga iko ndani ya Parc hiyo, na kuchimba visima kulianza mwaka 2023. Yule ambaye babu yake alihamishwa kule, ataonyesha nini? Karte ya 1960 itamukataa. Angalihitaji ya mbele yake, na kumbukumbu ya wazee pembeni. Karte moja peke yake ni shahidi aliyelala nusu ya kesi. Inafaa kuzipanga kwa miaka yao, moja juu ya ingine, na kutazama nini kimetoweka kati ya hii na ile.

Hapa tunataka kusema kidogo juu ya mipaka, maana vijana wetu wanafikiri mipaka ililetwa na Nuhu. Mkataba wa tarehe 12 Mwezi wa Tano 1894 kati ya Waingereza na Leopold II haukuweka mpaka ziwani. Uliuweka juu ya mgongo wa milima, pale maji ya Nile na maji ya Kongo yanaachana. Maana yake, wavuvi wote wa kando yetu, kwenye karatasi, walikuwa upande wa Waingereza, na Leopold alikodishwa tu. Mwaka 1910 wakapatana upya huko Brussels, kando ya magharibi ikawa ya Wabelgiji, na tarehe 3 Mwezi wa Pili 1915 wakamaliza kuandika kule London: mpaka ufuate mto Semliki, kisha upite katikati ya maji. Waaluri wakajikuta na ndugu pande zote mbili, na hawakutoka hata kwenye viti vyao.

Sasa, mto si ukuta. Semliki inapinda, inakula kando moja na kutapika mchanga kando ya pili. Ziwa nalo linapanda na kushuka. Mvua kubwa za 1961 mpaka 1964 ziliinua maziwa yote ya upande huu wa Afrika, na mwaka 2020 maji yalipanda tena yakafukuza watu kandokando. Karte iliyopigwa picha mbele ya 1961 inaonyesha kando ambayo iko chini ya maji leo. Kwa mutu wa Kinshasa hilo ni jambo la masomo tu. Kwa sisi, Mwezi wa Nane 2007, lilikuwa risasi. Kampuni moja ilikuwa inatafuta petroli ziwani kwa ruhusa ya Uganda, askari wakapambana majini, mufanyakazi wa kampuni akafa, na redio zote zikaanza kutaja kisiwa cha Rukwanzi karibu na mulango wa Semliki. Wengi waliopiga kelele kwamba Rukwanzi ni yetu ao ni yao hawakuwa wamekiona hata kwenye karatasi. Mwezi uliofuata maraisi wawili walikutana Ngurdoto, karibu na Arusha, wakakubaliana mpaka utazamwe tena na petroli iliyo pande zote mbili itafutwe kwa pamoja. Tangu 1990 tayari kulikuwa na mapatano ya namna hiyo kati ya Zaïre na Uganda, na nani aliyasoma? Wao wako na karte zao za 1/50 000 na watu wa kuzisoma. Wamegundua petroli yao mwaka 2006, wameamua kuijengea bomba la kilomita 1 443 mpaka Tanga. Sisi tuko na nyimbo.

Upande wetu petroli bado kutoka ndani ya udongo, ila karte ya petroli imekwisha kutoka. Mwaka 2010, amri ya raisi ilitoa kipande cha I na cha II cha ziwa kwa makampuni mawili yaliyoandikishwa katika visiwa vya Virgin vya Waingereza, na mbele yao vipande hivyo vilikuwa vimekwisha kupewa wengine, mara moja, mara mbili. Mwaka 2022 serikali ilinadi vipande 27 vya petroli, vinne katika bonde letu la Albert; Mwezi wa Kumi 2024 ikafuta mnada huo. Tazameni karte za vipande hivyo. Ni mistari iliyonyooka na namba kwenye pembe. Hakuna kijiji, hakuna kijito, hakuna jina la mutu. Ile karte ya mukoloni, pamoja na makosa yake yote, iko na majina mia kwa mia zaidi kuliko hii ya uhuru! Hilo njo linalotuchoma.

Sasa wale wa pili. Hawa hawazikatai karte. Wanazipenda kupita kiasi. Ni wale wanaotembea na photocopie ya 1954 ndani ya mukoba, ya kijani na nyeusi, kona moja imekatika, na kwenye kila mukutano wanaitoa: "Tazameni, hapa pameandikwa jina la kwetu, ninyi ni wageni, mutoke." Katika Ituri yetu tunajua mwisho wa maneno hayo. Mwaka 1999 mabishano ya mashamba katika Djugu yalifungua mulango, na mpaka 2003 makumi ya maelfu walikuwa wamekufa. Hatutaki kurudia habari hizo, kila nyumba iko na makaburi yake. Lakini kama mwalimu akinyamaza mbele ya photocopie hiyo, ni nani atasema?

Basi tuseme wazi. Karte ya kimo haiandiki mwenye udongo. Inaandika kilima, urefu wake, mto, njia, nyumba. Mustari wa chefferie ao wa kolektivite uliochorwa juu yake ulikuwa wa kujua kodi inalipwa kwa nani, na Wabelgiji waliusogeza kila walipotaka. Jina la lugha moja kwenye kilima linahakikisha kwamba siku ile mutu aliyeulizwa alikuwa wa lugha hiyo, basi. Angaliulizwa jirani wa mteremko wa pili, kilima kingeandikwa jina lingine. Vilima vingi vya kwetu viko na majina mawili, matatu, na wazee wa kweli wanayajua yote. Anayeficha jina la jirani huyo si mzee wa mila, ni mwanasiasa.

Hata sheria yetu haimusaidii. Sheria ya udongo ya tarehe 20 Mwezi wa Saba 1973 ilisema udongo unaokaliwa na watu wa vijiji umeingia katika mali ya Leta, na haki zao zitapangwa na amri ya raisi. Miaka ikapita, makumi ya miaka, amri hiyo haikutoka. Kwa hiyo yule wa photocopie anamufukuza jirani kwa karatasi ambayo haina nguvu mbele ya jaji, na siku kampuni ya petroli itakapofika, wote wawili watakuta wamesimama juu ya udongo wa Leta, mmoja analia, mwingine bado anapepea photocopie.

Kuna wanaotuuliza: sasa ninyi munataka nini? Tuanze na yale tuliyoyaona kwa jirani. Huko Buliisa, wazee wa Bagungu, wale wanaochunga mahali patakatifu, walikaa pamoja wakachora wenyewe karte za inchi yao: ya zamani, ya leo, na ile wanayoitaka kesho. Wakaonyesha mito, mapori ya kutambikia, miezi ya samaki. Baraza la wilaya yao likapitisha azimio la kutambua sheria zao za mila. Hatusemi petroli iliwaogopa. Lakini walipoitwa mezani walikuwa na kitu cha kuweka juu ya meza. Muwalinganishe na vijiji 13 vya Kabaale, katika Hoima, ambavyo tangu 2012 vilihamishwa kwa kupisha kiwanda cha kusafishia mafuta, zaidi ya watu 7 000, kilomita za mraba 29. Sehemu hiyo imekuwa na jina moja tu siku hizi: kiwanda.

Wazee wetu wamoja watakataa, na neno lao ni la kweli: mahali pa siri hapaandikwi. Leo unaonyesha pori la mizimu, kesho mukata-mbao anafika na kanuni yake. Tunawaheshimu. Hakuna ulazima wa kuandika yote. Wazee waamue wenyewe nini kinaingia na nini kinabaki kinywani, na karatasi ile ibaki mikononi mwao, si kwa chefu wa teritware, si kwa sisi walimu pia. Lakini kijito, kivuko, njia ya chumvi, kambi ya samaki, haya hayana siri. Ile njia ya chumvi hasa. Wanawake wa Kibiro, kando ya mashariki, walipika chumvi kwa udongo vizazi na vizazi, na chumvi ilivuka ziwa kuja kwetu. Na Kibiro hiyo hiyo njo mahali mafuta yanapotoka yenyewe ndani ya udongo, mbele ya kampuni yoyote. Vivuko vyake upande wetu viliitwa nani? Bado kuna mama wazee wanaojua. Si wengi.

Kwa jumuiya hii tunaomba, na tunaomba kwa nguvu, sehemu ya makuta ya sikukuu ya mwaka ujao itolewe kwa kununua nakala za karte za kando yetu, za 1/200 000 na za 1/50 000 kama zinapatikana, kutoka Kinshasa ao kutoka makabati ya Tervuren kule Ubelgiji. Karte za Uganda za kando ya pili zitafutwe pia, maana ziwa ni moja. Ngoma zinaweza kupungua mbili. Nakala ziwekwe shuleni, mahali pakavu, na mwalimu wa jiografia aache kufundisha fjord za Norvège kwa mwezi muzima wakati mutoto wa Tchomia hajui kusoma mistari ya kimo ya mteremko anaoupanda kila siku na ndoo ya samaki.

Kazi yenyewe si ngumu. Mwanafunzi anapewa karatasi ya kupitisha mwanga, anaiweka juu ya karte, anaandika mito tu, bila majina. Wakati wa likizo anakwenda na karatasi hiyo kwa babu wake, na kwa babu wa jirani wa lugha ingine, hilo ni sharti. Kila mmoja anamuambia jina lake la mto na sababu ya jina hilo. Majina yote yanaandikwa, kwa rangi mbili, bila kufuta hata moja. Kisha wanarudi darasani, wanaweka ya muzungu pembeni, wanalinganisha. Masomo yakifungwa Mwezi wa Saba tutaanza na mito inayoshuka kati ya Kasenyi na Tchomia. Wenye photocopie ndani ya mikoba wanakaribishwa kuzileta, ila watakaa chini pamoja na wengine na watasikiliza.